Mzigo wa Baba Kwenye Keria

Harufu ya mpira wa tyubu uliopigwa na jua hunirudisha kijijini kwetu Samuye kabla sijajiandaa. Jumamosi iliyopita, hapa Kharumwa ninapofanya kazi ya uuguzi, tulikuwa tumekusanyika pembeni ya barabara, sisi kikundi cha waendesha baiskeli wa mwisho wa wiki: walimu, wachimbaji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mimi. Kama kawaida yetu, kabla ya kupanda kila mtu alikuwa anatangaza ugonjwa wake. Huyu goti, yule kiuno, mwingine kitambi ambacho anaapa kimeanza kupungua ingawa sisi hatukioni kikipungua. Mwenye duka akatoa kipande cha tyubu ili afunge pampu yake, akakivuta mpaka kikalia, na ile harufu ikanipanda puani. Miguu yangu ikafa ganzi palepale. Nilikuwa nimevaa kofia ngumu, mtu mzima, mama wa watoto, na bado nilijisikia nimefungwa.

Baba yangu alikuwa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Kile chumba cha mashine hakikuwa na dirisha la maana, na pumba zilimwingia mpaka kwenye nyusi, hata jioni alipooga maji yalitoka ya kijivu. Alikuwa anakohoa akicheka na anakohoa akikasirika. Kutwa nzima alisimama palepale, akimimina magunia ya watu wengine, na kelele za ile mashine zilimfanya azoee kunyamaza. Saa zake za kuwa mtu zilikuwa za alfajiri, alipokuwa juu ya baiskeli kwenye lami.

Kama hujawahi kuishi Usukumani, huenda hujui mbio za baiskeli ni nini kwetu. Watu hufunga maduka. Wanaume wenye wajukuu huingia uwanjani na baiskeli zilezile za chuma wanazobebea mkaa, wakiwa wamezivua madigadi na kengele ili ziwe nyepesi, na mshindi huondoka na ng'ombe huku wanawake wakimwimbia. Baba alitaka dume moja tu la ng'ombe. Hakuwa anataka mabaya, na alilitaka kwa moyo wote. Kwa ajili ya dume hilo aliacha pombe, akala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando asubuhi, akameza mayai mabichi akiwa amefumba macho, akawa anapaka mapaja samli mpaka nyumba nzima ikanuka jikoni. Mashindano yakikaribia alihamia kulala sebuleni kwenye mkeka, akisema mwanamichezo lazima atunze nguvu. Mimi nilidhani ni kwa sababu mama anakoroma. Kuhusu maji, yeye na wenzake walikubaliana kwamba ukinywa njiani tumbo linacheza na pumzi inakata, kwa hiyo walirudi nyumbani midomo imepasuka, wakijisifu kwamba hawajagusa hata tone. Leo nikiwaona wagonjwa wangu wanaokaukiwa maji, huwa namkumbuka baba na kutikisa kichwa.

Hayo yote mama aliyavumilia. Jambo moja tu lilimnyima usingizi, nalo ni malori. Barabara yetu ndiyo ya malori yanayokwenda Isaka kuchukua mizigo, na waendesha baiskeli wa kule wana mchezo wao. Lori likipita, unalifuata kwa nguvu zako zote mpaka unaingia nyuma yake kabisa, mahali ambapo upepo haukufikii. Hapo baiskeli inaruka yenyewe. Walisema ndiyo mazoezi bora ya kasi. Rafiki wa baba aliyeitwa Baba Kulwa alikuwa bingwa wa mchezo huo, mpaka asubuhi moja lori likafunga breki kwa sababu ya mbuzi. Dereva hakujua hata kama kulikuwa na mtu nyuma yake. Walimrudisha Baba Kulwa kijijini amefunikwa kanga, na mama alikuwa mmoja wa waliokwenda kumwosha mjane nywele. Baba alilia msibani kama mtoto. Wiki haikuisha akawa amerudi barabarani.

Hapo ndipo mama alipoleta wazo lake. Alilitoa wakati wa chakula, kwa sauti ya mtu anayezungumzia chumvi. Alisema amesikia wanaoshinda kule Mwanza hufanya mazoezi wakiwa na mzigo kwenye keria, ili siku ya mashindano, mzigo ukitoka, miguu ione baiskeli haina uzito. Baba akaacha kutafuna. Akasema ni kweli, hata yeye amewahi kuwaza hivyo, atafunga gunia la mchanga. Mama akasema mchanga unalala upande mmoja, unaharibu keria. Akasema, mbebe Kabula.

Kabula ni mimi. Nilikuwa darasa la pili, mwembamba lakini mrefu, na kwa siku mbili za mwanzo niliringa sana. Siku zilizofuata sikuringa tena. Mama alikuwa ananiamsha giza bado limeshika, ananiketisha juu ya keria kwenye kipande cha godoro, kisha anachukua tyubu iliyochanwa, ananizungusha kiunoni, anaipitisha chini ya tandiko la baba, anairudisha nyuma na kuikaza kwa fundo lake. Fundo hilo alijifunza kwa mama yake, lile wanalofungia mizigo ya kuni, na lilikuwa mgongoni kwangu ambako mkono wangu haukufika. Baba naye hakulifikia bila kushuka. Akishamaliza, mama alipiga tandiko kofi dogo, na tukaondoka.

Ulimwengu wangu wa asubuhi ulikuwa mgongo wa baba. Nilijua kila kiraka cha shati lake, na jinsi jasho lilivyoanza katikati ya mabega kisha likashuka na kuacha mistari ya chumvi. Mbele sikuona. Pembeni niliona mashamba ya mtama na ng'ombe wanaotolewa zizini, vinapita bila kunisubiri. Mbu akitua mguuni kwangu sikuweza kumfikia. Nikitaka kukojoa ilibidi niombe, na baba akiwa na pumzi nzuri hakusikia ombi la mtu yeyote. Kila lori lilipotupita lilimwaga upepo wa moto usoni kwangu, na nilihisi mwili wa baba ukijikaza, miguu ikitaka kwenda. Kisha aligeuza shingo kidogo, akaona bado nipo, na miguu ikalegea. Aliguna kila mara. Nilichukia ule mguno kwa sababu nilidhani ananilaumu kwa uzito wangu.

Shuleni nilifika nikitembea kama bata, na wenzangu walinipa jina la Gunia. Wao walikuja pamoja, wakirushiana mawe na kuiba viazi njiani, mimi nilishushwa nyumbani wao wameshapita, nikafika peke yangu nikiwa na alama ya tyubu tumboni. Nilijaribu kukonda ili nisifae. Nilijaribu kunenepa ili nimshinde. Nilimwomba mama anitoe, nikalia, nikamwambia kuna mchanga wa kutosha mtoni. Alinifuta kamasi na ncha ya kitenge, akaniambia, "Vumilia ng'wanone, mwanangu, baba yako anakuhitaji." Kesho yake fundo lilikuwa limekazwa zaidi. Nilimwona mama kuwa mkatili kuliko wote, na nilimwambia hivyo, na hakunipiga.

Mashindano yalipokaribia, baba akaanza kuwa na wasiwasi na kasi yake. Asubuhi moja, tulipofika karibu na Tinde, alisimama kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi. Akashuka, akalihangaikia fundo, akalifungua kwa meno. Alininunulia andazi na chai ya maziwa, akaniambia nikae pale, anakwenda kunyoosha miguu mara moja tu. Lori lilikuwa linapandisha kilima polepole. Nilimwona akiinama, akalifuata, akaingia nyuma yake na kupotea. Niwaambie ukweli, sikumfikiria Baba Kulwa hata kidogo. Nilikunja magoti na kuyanyoosha. Nilizunguka kile kibanda nikikimbia bila sababu, na lile andazi lilikuwa tamu kupita yote niliyowahi kula. Mama wa maandazi peke yake ndiye aliyesimama akitazama barabara, mkono kifuani, mafuta yakiungua nyuma yake.

Baba alirudi salama, macho yanang'aa. Sikuwahi kumwona hivyo. Alinibeba akanirusha juu, akacheka bila kukohoa. Kisha akanirudisha kwenye keria, akafunga fundo kadiri alivyoweza, na akaniomba tusimwambie mama. Nilikubali kwa furaha, maana niliamini sasa nimepata andazi la kila siku.

Mama alikuja kunifungua kama kawaida. Akaweka mkono mgongoni kwangu, na mkono ukasimama. Fundo la baba lilikuwa lile la kawaida la kufungia gunia la pumba. Nilisikia pumzi yake shingoni kwangu muda mrefu. Alinifungua, akanipa uji, akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Siku hiyo baba alikwenda mashineni mapema kuliko kawaida.

Alfajiri iliyofuata sikuamshwa. Niliamka mwenyewe kwa sababu ya ukimya, nikachungulia mlangoni. Baba alikuwa ameshika usukani, na mama alikuwa amekaa kwenye keria, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vya kanisani miguuni, mikono yake miwili imemzunguka baba kiunoni. Mama yangu hakuwa mwanamke mdogo. Baba akamwambia taratibu kwamba watu watamcheka.

"Mtoto umeweza kumshusha njiani," mama akasema. "Mimi nishushe."

Baba alikanyaga pedali, baiskeli ikayumba, ikakaribia kuingia kwenye ua wa jirani, kisha ikakaa sawa. Na kweli walichekwa. Kijiji kizima kilitoka kuwaona, na watoto waliacha kuniita Gunia kwa sababu gunia kubwa limepatikana. Waliendelea hivyo mpaka mashindano. Baba alirudi hoi, mapaja yanatetemeka, na jioni alipakwa samli na mama mwenyewe. Mkeka wa sebuleni ukakunjwa. Mimi nilitembea kwenda shule na wenzangu, na ajabu ni kwamba nilijisikia vibaya, nikigeuka kila lori lilipopita.

Siku ya mashindano tulikwenda Shinyanga mjini. Njia ilikuwa ni kwenda Tinde na kurudi, kwenye barabara ileile, na wasimamizi hawakuwa na macho kila mahali. Baba alikuwa ameng'oa keria. Filimbi ilipopulizwa alitoka kama mshale, kwani mama alikuwa amesema kweli kuhusu mzigo, na mimi nilirukaruka mpaka kiatu kikakatika. Mama alisimama kimya. Alisimama hivyo jua likapanda, hakunywa maji, hakukaa, wala hakunisikiliza nilipomuuliza dume tutalifunga wapi.

Wa kwanza wakaja, wakapokelewa kwa ngoma. Wakaja wengine. Watu walikuwa wameanza kutawanyika kumfuata ng'ombe wakati shati la baba lilipotokea mbali, peke yake barabarani. Hapo mama akapiga vigelegele. Alivipiga kwa kifua chake chote, akikimbia kuelekea barabarani, na watu wakageuka wakacheka, wakiuliza mama huyu anamshangilia nani, wa mwisho? Nilitamani ardhi inimeze. Baba alishuka akaegemea baiskeli, na alipopata pumzi ya kusema, hakusema na mimi.

"Lilipita lori moja la Isaka," akamwambia mama. "Wenzangu wote waliingia nyuma yake. Mimi nikaliacha."

Nilikasirika mpaka nikalia. Nilimuuliza kwa nini aliliacha, wakati siku hiyo hakuwa na mtu wa kumkwamisha, si mimi wala mama. Wote wawili wakanitazama.

Nilikuja kulielewa swali langu mwenyewe nikiwa mkubwa, mume wangu alipoanza kusimama mlangoni kila Jumamosi ninapotoa baiskeli, akitaka kusema neno na kulimeza. Mama hakuwahi kumwambia baba asiende. Alijua kile chumba cha mashine kinamfanya nini, na alijua kwamba akimnyima na barabara, atabaki na mume anayepumua tu. Kwa hiyo alimwachia aende, akamfunga kwa alichokuwa nacho, yaani mimi, na alipoishiwa akajifunga mwenyewe. Lakini siku ya mashindano hakuna fundo ambalo lingefika huko. Alimwachia aende akiwa peke yake kabisa, akasimama juani, na mtu wake akarudi.