Pikapu Mbili Hadi Masinga

Safari hii ilitokana na mambo mawili yaliyokutana katika wiki moja. La kwanza, baba yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekataa katakata kupasuliwa mtoto wa jicho, alituma ujumbe kutoka Masinga kwamba sasa amekubali. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Machakos kwa siku chache tu, na jina lake lilikuwa katika orodha ya siku ya mwisho. La pili, pikapu yangu kuukuu, iliyonibebea samaki na nyanya hadi sokoni tangu watoto wakiwa wadogo, ilizima na fundi akasema nisijisumbue nayo tena.

Wauzaji walijitokeza wawili. Mmoja alikuwa Musyoka, mdogo wa mume wangu. Yeye alikuwa na pikapu ya dizeli ya Kimarekani, aliyoachiwa na mhandisi mmoja wa visima alipomaliza kazi na kurudi kwao. Wa pili alikuwa Njoroge, mfanyabiashara mwenzangu wa Matuu, aliyetaka kuuza pikapu yake ya Kijapani anunue lori. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, na nilipompigia simu aliniambia, "Wewe ndiye utakayeendesha. Chagua wewe." Kusema ni rahisi. Kumkatalia shemeji si kama kumkatalia mtu wa sokoni. Nikawaambia wote wawili: twendeni na magari yote mawili tukamchukue baba, nijionee mwenyewe njiani.

Tuliondoka kwetu Mumbuni, nje kidogo ya mji wa Machakos, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye vioo. Nilianza na ya Kijapani, Njoroge akiwa kando yangu amekumbatia kofia yake. Kiti kilikuwa kigumu na kioo cha upande wa Njoroge kilishuka nusu tu, lakini giya ziliingia bila kulazimishwa na usukani ulinitii. Mbele yetu ile ya Kimarekani iliondoka kwa mngurumo wa chini. Ilikuwa pana, ndefu, na kwenye mlima wa kwanza Musyoka alitupita akipunga mkono kama mgombea wa udiwani. Sisi tulipanda kwa giya ya pili, taratibu, tukimeza vumbi lake.

"Usijali, Mama Ndanu," Njoroge alisema. "Hii inafika tu."

Kabla tu ya Muthetheni nikaona mvuke ukitoka kwenye boneti. Paipu ya maji ya rejeta ilikuwa imepasuka. Njoroge aliisukuma kofia nyuma, akashuka, na mimi nikawaza kwamba biashara yake imeisha hapo. Musyoka alikuwa amerudi kututafuta, na alikuwa na furaha isiyofichika.

"Shemeji, na hatujatoka hata Mwala!"

Muthetheni ilikuwa siku ya soko. Njoroge alitembea hadi duka moja lililouza chumvi, majembe na mafuta ya taa, akatokea akiwa na paipu mpya begani. Mwenye duka alimfuata nje kutazama. "Ya hiyo gari niko nayo siku zote," aliniambia. "Na filta, na mkanda, na taa. Watu wote huku wako na hiyo." Kabla sijamaliza chai niliyonunua kibandani, tulikuwa tumejaza maji na injini inanguruma. Nilimuuliza yule mwenye duka kama ana chochote cha ile nyingine. Aliizunguka ile ya Kimarekani mara moja, akaitazama kwa heshima, akatikisa kichwa.

Baada ya kuvuka Mto Athi na kupanda uwanda wa Yatta, nilihamia kwa Musyoka. Ni lazima niseme ukweli: sijawahi kukaa kwenye gari kama lile. Kiti kilikuwa kama kochi la mtu tajiri, kimoja kirefu cha kutosha watu watatu. Hewa baridi ilitoka mahali fulani karibu na magoti. Mashimo yaliyotutikisa meno asubuhi sasa niliyasikia kwa mbali, kama mambo ya watu wengine. Shida ilikuwa moja. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo tukiwa nyuma ya lori dereva hakuweza kuona mbele yake bila kutoka kwanza hadi upande wa pili wa barabara. Kila tulipotaka kupita mtu, mimi niliyekaa kulia ndiye niliyekuwa macho yake.

"Kuko sawa, shemeji?"

"Bado! Kuna basi!"

"Na sasa?"

"Sasa enda! Enda!"

Tulipofika Matuu sauti ilikuwa imenikauka. Hata hivyo nilishuka nikiwa nimeipenda, na Musyoka aliliona hilo usoni mwangu.

Alasiri, tulipokwisha kuacha lami baada ya Kithyoko, tulikuta mto wa mchanga. Maji yalikuwa yamepita siku chache kabla na mchanga ulikuwa laini. Musyoka alivuka bila hata kupunguza mwendo. Njoroge aliingia baada yake, na katikati ya mto magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo alivyozidi kuzama, hadi bampa la nyuma likakaa mchangani. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye kisima cha mchanga waliacha mitungi yao wakaja kusukuma, lakini haikusogea.

Basi ile ya Kimarekani ikarudi kinyumenyume, wakafunga mnyororo, na Musyoka akaondoa mguu kwenye klachi polepole. Pikapu ya Njoroge ilitoka mle kama jino la mtoto. Wanawake walipiga vigelegele. Njoroge alimshika Musyoka mkono, akasema, "Nguvu iko. Siwezi kukataa." Moyoni nilikuwa nimeshaamua: nitachukua ya shemeji, na nyumbani kutakuwa na amani.

Masinga tulifika jua likiwa limeinamia upande wa bwawa. Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba amevaa koti lake la kanisani, ambalo nadhani alilivaa tangu asubuhi. Jina lake ni Kilonzo, na ujanani alikuwa mchinjaji, mtu wa maneno mengi na mizaha mikali. Alisikia injini zote mbili kabla hatujaonekana.

"Mwiitu wakwa," aliniita, yaani binti yangu, "umekuja na harusi?"

Nilimweleza habari ya magari. Akataka kuyagusa. Nilimshika mkono akayazunguka, akipapasa taa, milango, matairi. Kwenye ile ya Kimarekani alitembea sana. "Asi! Hii inaisha wapi?" Kwenye ile ya Njoroge aligonga bodi kwa vidole. "Hii nimeshaipanda. Ni kama ile ya padri, na ile ya mwenye mbuzi." Jioni ile alikula kidogo sana. Nilipomwekea maji ya kunawa aliniuliza kwa sauti ndogo kama kisu kinauma jichoni. Nikamwambia wanatia dawa kwanza. Akanawa mikono, kisha akaniuliza tena.

Asubuhi alichagua mwenyewe kupanda ya Musyoka, kwa sababu ya kiti. Mimi nilikaa katikati, yeye dirishani upande wa kulia. Tulivuka mto wa mchanga salama, Njoroge akipitia sehemu ngumu aliyoonyeshwa na wale wanawake. Tulipofika kwenye lami tukalikuta trela la mawe, na Musyoka, kwa mazoea ya jana, akaelekeza swali dirishani.

"Kuko sawa, mzee?"

"Unaniuliza mimi?" baba alisema.

Tulicheka hadi Musyoka akalazimika kupunguza mwendo. Baba alicheka kuliko sisi, na woga wa usiku ukamtoka. Nikainama mbele yake nikachungulia mimi.

Karibu na Matuu ile injini kubwa ilikohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Tulibingirika hadi pembeni kimya kabisa, na Njoroge akasimama nyuma yetu. Musyoka alijaribu kuiwasha mara nyingi, kisha akaenda kuleta fundi ambaye karakana yake tuliiona mbele kidogo. Fundi alilala juu ya injini kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anajifuta mikono.

"Ni pampu ya mafuta," alisema. "Imekufa. Ingekuwa ile ingine ningekufungia sasa hivi. Hii lazima muulize Nairobi, na sidhani Nairobi iko."

Nilitazama saa. Muuguzi alikuwa ameniambia wazi kwamba madaktari wangempokea mgonjwa wa mwisho adhuhuri, kisha wafunge vyombo na kuondoka. Baba alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti kizuri, mikono juu ya fimbo.

"Tumefika?" aliuliza.

Niliona aibu ikimpanda Musyoka. Alikuwa ameisifu ile gari mbele ya ukoo mzima, na sasa imesimama mbele ya mshindani wake. Mtu mwingine angesema tungoje kidogo, tujaribu hiki na kile. Yeye alifungua mlango, akambeba baba mikononi kama mtoto, akamweka ndani ya pikapu ya Njoroge na kumfungia mlango vizuri.

"Endeni, shemeji," aliniambia. "Hii itaningoja. Daktari hatangoja."

"Na wewe?"

"Mimi niko na gari ya kulala. Endeni!"

Kutoka Matuu hadi Machakos Njoroge aliendesha kama mtu anayebeba mayai ya jirani, lakini hakusimama popote. Baba alilalamikia kiti, akalalamikia mashimo, akamuuliza Njoroge kama Wakikuyu hawana mifupa. Njoroge alimjibu kwamba wanayo, ila wameizoesha. Nilimshukuru Mungu kwa kila mlima tuliopanda kwa giya ya pili, na sikuhesabu tena nani anatupita.

Machakos tuliingia watu wakitoka kazini kwenda kula. Nilimshika baba mkono tukapita ua wa hospitali karibu tukikimbia, koti lake likipepea. Muuguzi alikuwa mlangoni na funguo mkononi.

"Ni mzee Kilonzo wa Masinga?" aliuliza. "Tumemwita hadi tumechoka. Ingieni haraka."

Niliketi kwenye benchi la nje. Njoroge aliniletea soda. Hatukuzungumza habari ya magari.

Kesho yake wauguzi walimfungua bandeji. Alipepesa macho, machozi yakamtoka, akanitazama kwa muda. "Umezeeka," alisema. Sijawahi kufurahi kuambiwa hivyo.

Musyoka alinitafuta wiki hiyohiyo, kabla sijajua nitamwambiaje. "Chukua ya Njoroge," alisema. "Nilimwona huyo mzee akingojea pale barabarani. Siwezi kukuuzia kitu cha kukulaza njiani na samaki." Pampu ilikuja baadaye sana, kwenye kifurushi kutoka kwa yule mhandisi, na ile gari ikapata kazi ya kuvuta mawe. Hadi leo sijaona pikapu yenye nguvu kama ile, wala yenye kiti kama kile. Lakini nilijifunza kwamba ninaponunua gari nanunua pia lile duka la Muthetheni, na yule fundi wa Matuu, na kila mtu ambaye atajua la kufanya likizima.

Nilimrudisha baba Masinga mwenyewe, nikiwa kwenye usukani wa pikapu yangu. Alishusha kioo nusu, kwa kuwa hakikuweza zaidi, akatoa uso nje na kunisomea kila bango la duka tulilopita. Yatta yote alisoma. Baada ya Kithyoko, maduka yalipoisha, nilidhani atapumzika. Akaanza kuwahesabu mbuzi.