Aliyechomoa Nyaya Ukutani

Mtafiti wa protini niliyewahi kumwandika katika safu hii bila kumtaja jina amefariki, na leo pia jina lake nalihifadhi. Tulimzika Jumamosi shambani kwao, juu kidogo ya Mponde. Udongo wa kaburi haujakauka, na tayari nasikia wakuu wake wanataka kuihamishia mjini mashine ya maabara yake ya Lushoto. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mashine yenyewe haina makuu. Hupokea matone yanayotoka kwenye bomba la kuchujia na kuyagawa kwa zamu katika mirija midogo, ili protini zisichanganyike kabla ya kusomwa mpangilio wake. Mama huyu alitafuta protini inayofanya maharage fulani ya bibi zetu yasibunguliwe ghalani. Sampuli zake zilikuwa zikipelekwa nje, na majibu yakatangazwa kwa majina ya wengine. Akasema basi, kazi itafanyika hapahapa milimani. Siku ya kuchagua mashine nilikuwepo, nimefuata habari. Zililetwa mbili: kubwa yenye kioo cha kugusa, ambayo wakuu waliipenda kabla haijawashwa, na ndogo ya kawaida. Zikiwa katikati ya kazi, mama akainuka na kuchomoa nyaya zote mbili ukutani. Kubwa ikasimama huku matone yakifurika mezani. Ndogo ikaziba njia ya matone, na umeme uliporudishwa ikaendelea na mrija ilipoishia.

“Mama, mashine haizimwi hivyo,” muuzaji akalalamika.

“Huku kwetu umeme ukiondoka haupigi hodi, baba,” akamjibu.

Mkuu mmoja akauliza wageni wakija wataonyeshwa nini. Mama akasema waonyeshwe maharage, na hakutia saini mpaka ndogo ilipokubaliwa. Nchi hii tunapenda kununua vitu vya siku ya uzinduzi, kisha tunavifunika vitambaa mvua za kwanza zikinyesha. Yeye alikataa, akaitwa mkaidi, na ukaidi huo ndio ninaoulilia.

Jumatatu nilikwenda maabara. Wanafunzi wake walikuwa kazini, macho yamewavimba kwa kulia. Umeme ukakatika, wala hakuna aliyeshtuka. Uliporudi, tone likaangukia mrija uliokuwa ukisubiri. Kwa hiyo tusiombe radhi kwa kuchagua kinachotufaa, na mashine hii haiendi popote. Anayeitaka apande mlima mwenyewe kutoka Mombo, asimame mbele ya vijana hawa, awaambie waache mrija walioufikia.