Mama Ganzi na kiti cha mdogo wake

Saa mbili asubuhi Mama Ganzi anatoa kichupa cha dawa kwenye friji, anakifumbata kiganjani na kutulia nacho kama aliyeokota kifaranga. Nje ya chumba cha upasuaji wagonjwa sita wanasubiri. Haharakishwi na mtu mpaka kichupa kipate joto.

"Dawa baridi ikiingia sikioni, mgonjwa anaona dari inakimbia," anasema. "Sikio si la kusikia tu. Ndilo linalokusimamisha wima."

Yeye ni muuguzi wa ganzi katika kitengo cha masikio, pua na koo. Wagonjwa wake hawapewi nusukaputi. Wanapasuliwa wakiwa macho, wamekufa ganzi pale tu panapoguswa na kisu. Matone sikioni, sindano nyuma ya sikio, shashi iliyoloa dawa puani, kisha anakaa kichwani pa mgonjwa na kupiga naye soga. Jina la Mama Ganzi alipewa na wagonjwa wenyewe, miaka mingi kabla hajapata mshindani.

Mshindani ni mdogo wake, tumbo moja, aliyehamishiwa hapo mwaka jana. Mama Ganzi ndiye aliyemfundisha kudunga sindano, akitumia machungwa kwenye meza ya kulia chakula.

"Alinimalizia kapu zima," anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Leo wagonjwa wanamuulizia yeye."

Je, ni wivu?

"Andika hivyo hivyo, wivu. Usiupake poda."

Leo umempanda hadi kooni. Kitengo kinafungua chumba kipya cha upasuaji wa ganzi, na daktari bingwa atamtaja msimamizi wake jioni hii. Wanaofikiriwa ni wawili tu: dada mtu na mdogo mtu.

Mgonjwa wa kwanza ni fundi seremala mwenye tundu kwenye kiwambo cha sikio la kushoto. Anapanda kitandani huku shingo ikizunguka chumba kizima.

"Yule dada mwingine hayupo? Yule mpole?"

"Mpole yuko chumba cha pili. Wewe umeangukia kwa mkali. Lala."

Seremala analala. Mama Ganzi anamdunga nyuma ya sikio taratibu, akimtaarifu kila hatua, na seremala hata hakunji uso. Yanabaki matone. Kichupa cha asubuhi kimeishia kwenye sindano; anachukua kingine kwenye friji, na hapo hapo kicheko kinalipuka chumba cha pili. Kupitia kioo cha mlango anamwona daktari akimsikiliza mdogo wake, anacheka mpaka anashika mbavu. Miaka yote hiyo Mama Ganzi hajawahi kumchekesha daktari.

Macho yanabaki kwenye kioo. Mkono unaendelea na kazi peke yake, na matone yanaingia sikioni yakiwa na ubaridi wake wa friji.

"Mama, nishike! Kitanda kinapinduka!"

Seremala ameng'ang'ania ukingo, macho yanamcheza, anatapika. Mama Ganzi anamgeuza ubavu na kumpangusa. Kosa lake amelijua papo hapo.

Mdogo mtu anaingia mbio. Anagusa kichupa kwenye sinia, bado cha baridi, anamtazama dada yake. Anamwinamia mgonjwa.

"Kaka, tazama kifungo changu hiki cha juu. Hiki kimoja tu, usikiache. Kitatulia."

Baada ya muda kinatulia. Daktari anachungulia mlangoni. "Kuna nini?"

"Kizunguzungu kidogo, daktari. Kimepita," anajibu mdogo mtu, kichupa akiwa amekificha kiganjani.

Koridoni, dada mtu anamvuta mkono. "Nani kakutuma unifunike?"

"Ulitaka nitangaze kwa kipaza sauti, dada?"

"Nilitaka uniache nianguke mwenyewe!"

"Basi siku nyingine anguka polepole, nipate kufika," anajibu mdogo mtu, na kurudi kwa mgonjwa wake.

Upasuaji unakwenda salama na tundu linazibwa. Lakini Mama Ganzi ananawa mikono kama mwenye ugomvi na sabuni. "Angenisema kwa daktari, leo ningelala usingizi," ananong'ona. "Mtu unayemwonea wivu akikutendea wema, unamweka wapi?"

Mchana anamfuata seremala wodini na kumweleza: dawa ilikuwa baridi, macho yake yalikuwa mlangoni, anaomba radhi.

"Mama, mimi nilishajigonga kidole kwa nyundo nikitazama wateja wa jirani yangu," seremala anamjibu. "Yamekwisha."

Kutoka hapo anabisha kwa daktari na kulisema kosa lote, bila kulipunguza. Baadaye anasisitiza kwamba haikuwa utakatifu. "Sitaki kukalia kiti ambacho mdogo wangu amenishikia miguu yake nisidondoke."

Jioni, mbele ya wauguzi wote, daktari anamtaja mdogo mtu. Mama Ganzi anapiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vinawaka.

Wiki ijayo atakuwa chini ya binti aliyemfundisha kushika sindano. Akivaa viatu vyake vya kutokea, anaulizwa kama bado ana matumaini yoyote.

"Ninayo," anasema bila kuinua kichwa. "Namwomba Mungu naye ateleze. Kidogo tu, kosa lisilomuumiza mtu, na mimi niwe karibu."

Anakaza kamba za kiatu cha pili, anasimama.

"Nimfunike kama alivyonifunika. Siku hiyo ndiyo nitampa pongezi za kweli."