Mikia ya Q

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, mjini Migori hakuna aliyeoa wala aliyezikwa bila kupitia mikononi mwa Cephas mpiga chapa. Mashine yake ya chuma ilikanyagwa kwa mguu, ikalia kama punda anayekataa mlima. Herufi za risasi alizipanga moja moja, kinyumenyume, mpaka akawa anasoma vibao vya barabarani kwenye kioo cha kinyozi huku ananyolewa.

Shida yake ilikuwa O. Waliozitengeneza zile herufi huko Ulaya hawakujua kuna watu wanaoitwa Ochola, Ogweno na Osewe, ukoo mzima. O kubwa zililika zikaisha, lakini Q zilikaa sandukuni zikimetameta, maana toka Uriri hadi Mbita hakuna mtu aliyebatizwa kwa Q. Basi Cephas akachukua tupa, akawa anazikata mikia. Q bila mkia ni O, nani atajua?

Kisha Abdullah, mfanyabiashara kutoka Garissa, akafungua duka ng'ambo ya barabara, na ndani akaweka kompyuta na printa.

"Mzee Cephas," alimchokoza kila asubuhi, "hiyo mashine yako imeshachukua pensheni?"

"Yangu haiogopi stima kupotea, omera, ndugu yangu. Yako stima ikienda ni kiota cha kuku."

Walicheka wote, ila cheko la Cephas lilikuwa la meno tu. Binti yake wa pekee, Jerusha, alikuwa anaolewa na Oliver Osewe wa Mbita, na marafiki zake wote walitengenezewa kadi kwa Abdullah, kadi zenye maua. Cephas alitaka kitu kimoja tu: kadi ya Jerusha itoke kwenye mashine yake.

"Sawa, Baba," Jerusha alimwambia. "Lakini herufi moja ikikosewa, naenda kwa Abdullah."

"Nyathina, mwanangu, nimeuoza mji mzima kwa mashine hii. Nije kukosea yako?"

Akapiga tupa, akapanga, akakanyaga. Kadi zikaanikwa kwenye kamba kama dagaa wa omena. Jerusha akachukua moja, akasoma polepole.

"Baba, naolewa na nani?"

"Na Oliver."

"Hapa naolewa na Qliver."

Cephas akavaa miwani. Mkia ulikuwa pale pale, umejikunja kama wa mjusi. Q moja tu alikuwa amesahau kuipiga tupa, na hiyo ndiyo iliyokwenda kumkalia bwana arusi.

Jerusha akavuka barabara. Baba yake akamfuata mpaka mlangoni kwa Abdullah, akasimama pale kama mtu anayesindikiza ng'ombe aliyemuuza.

Kompyuta ya Abdullah ilikuwa na kitu ndani cha kusahihisha maneno, nacho hakikuwahi kufika Mbita. Kilipokutana na Osewe kikadhani ni kosa, kikatoa neno lake, na Abdullah akabonyeza kukubali. Printa ikakoroma, ikatoa kadi yenye mawaridi. Jerusha akaisoma, akaketi.

"Abdullah! Umeniandikia Oliver Sewer!"

"Si ndivyo anavyoitwa?"

"Hilo ni neno la Kizungu la mtaro wa maji ya choo!"

"Ngoja nirekebishe," Abdullah akasema, na papo hapo stima ikapotea.

Nje, Nicodemus, mjomba wa Oliver aliyekuja kuchukua kadi za ndugu wa kisiwani, alikuwa akipaza sauti kwamba asipopewa sasa hivi ataikosa boti ya Mfangano. Jerusha akatazama kadi hii, akatazama ile.

"Afadhali mkia," akasema. "Mkia unakatika. Baba, lete wembe."

Wakaketi mlangoni kwa Cephas, wakikwangua mkia kadi baada ya kadi. Abdullah naye, kwa aibu, akaja na wembe wake.

"Unajua," Cephas akasema, akipuliza vumbi la wino, uso umemchangamka, "hata hiyo kompyuta yako itapitwa. Siku moja kadi itakwenda bila karatasi. Itapita hewani kama redio, itue mfukoni mwa mtu."

"Wallahi umezeeka, Mzee. Na hiyo ikikosewa utaikwangua kwa wembe gani?"

Cephas akavuta kadi nyingine. Nicodemus naye alikuwa amechoka kungoja. Akazoa kadi zilizobaki, mikia na yote, akakimbia.

Mpaka leo kule Mfangano wajomba humwita mume wa Jerusha "Kwiliver". Naye huitika.