Makombe, si Makombora

Miaka ile ya vita, neno "mawe" lilikuwa la hatari Bukavu. Ukilitamka kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walisikia koltani au dhahabu, na mzigo wako ukabaki kwao. Nami nilikuwa na karton nzima ya mawe.

Yalikuwa makombe ya baharini yaliyogeuka mawe. Profesa wangu aliyachimbua kabla ya vita kwenye miamba ya pwani, upande wa pili wa nchi. Padri mmoja aliyekuwa akiondoka adhuhuri ya siku ninayoisimulia alikubali kuyabeba hadi Ulaya yakapimwe. Yasingefika, nisingekuwa na mémoire, tasnifu ya kuhitimu, na bila mémoire ningebaki mwanafunzi mpaka meno yaning'oke.

Njiani kumpelekea padri, nikajipongeza: sitasema mawe, nitasema Kiswahili cha kamusi. Nikafika barrière ya Nyawera, pembeni mwa soko, kifua mbele.

"Iko nini mu ile karton?" askari akauliza.

"Makombe, chef. Makombe ya zamani."

Hakuna anayesema makombe Bukavu. Makombora, hayo kila mtu aliyajua, redio iliyataja asubuhi na jioni. Askari akaruka nyuma akipiga kelele, "Makombora!" na soko likatawanyika. Hata mimi nilijitupa kifudifudi, kabla sijakumbuka kwamba makombora yenyewe ni yangu.

Akaja mkuu wao, kijana mwembamba ambaye kofia ilimfika machoni. Akaniamuru nifungue karton, yeye akiwa amejibanza nyuma ya ukuta. Maman mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akachungulia kabla yake.

"Ni tukonokono!" akafoka. "Sambaza yangu iko mu matope juu ya tukonokono!"

Soko likacheka. Mkuu hakucheka. Nilipomwambia wanapelekwa Ulaya, alitaka kujua konokono wanaendea nini huko. Kwa woga nikamwaga somo zima. Mnyama wa baharini akijijengea kombe, huchukua strontium kidogo kutoka maji ya zama zake. Aina za strontium baharini hubadilika uwiano zama kwa zama, na kombe huuhifadhi uwiano ule. Ukiupima, unajua umri wa mwamba lilimolala.

"Strontium," akarudia polepole. "Ile iko madini."

Nikaona diploma yangu inazama.

"Kidogo sana, chef! Hata karton nzima haijazi kijiko."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechagua kazi mbaya. Akatoka nyuma ya ukuta, akaokota kombe moja, akaligeuza, akalipuliza vumbi.

"Sasa hii iko na myaka ngapi?"

"Sijui, chef. Ndiyo maana naituma."

"Université yote ile, na haujue?" Hapo ndipo alipocheka. Akalirudisha kwenye karton taratibu. "Pita. Siku utajua, ukuye uniambie."

Padri nilimkuta akipakia mizigo. Makombe yakaenda, na baada ya muda mrefu majibu yakarudi: mamilioni ya miaka. Nilifurahi kama mtoto. Nikashuka mbio hadi Nyawera kumwambia yule mkuu.

Barrière ilikuwepo, lakini askari walikuwa wengine, wa jeshi jingine. Nilipomuuliza habari zake, maman wa sambaza alinitikisia kichwa tu. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Sikuwahi hata kujua yule kijana mwenyewe alikuwa na miaka mingapi.

"Uko unabeba nini?" askari mpya akaniuliza.

Nikamwonyesha mikono mitupu.

"Hakuna kitu, chef."