Siku Mtani Wangu Alipokataa Nizikwe

Wakuu, mimi nimewahi kufukuzwa kaburini.

Sijafukuzwa na mchawi wala mzimu. Nilifukuzwa na mama muuza wali, mchana kweupe, watu wazima wakishuhudia.

Kabla hujaniita muongo, kaa chini nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, pale Shelui, mwaka uliofuata zile mvua za El Niño zilizokula barabara. Soko huria lilikuwa limeshika kasi. Huyu analeta mitumba, yule redio, mwingine video. Basi na sisi tukaletewa Bonaventura.

Bonaventura alishuka kwenye basi kutoka Dar na kamera ya video begani na kofia ya pama kichwani. Akatangaza kwamba yeye ni dairekta na ana maono.

Mimi wakati huo nilikuwa utingo. Kama hujui kazi ya utingo, ni hii: lori likikata pumzi mlimani, unaruka chini na gogo lako, unakimbia, unalikandamiza nyuma ya tairi kabla lori halijarudi nyuma na kuua ukoo mzima.

Bonaventura aliniona siku moja pale mlima Sekenke, nakimbia na gogo, macho yamenitoka, suruali inataka kuniacha.

Akapiga kelele, "Huyo! Ndiye niliyemwona kwenye maono!"

Ndivyo alivyozaliwa Bwana Breki.

Bwana Breki ni shujaa wa ajabu. Lori likifeli breki Sekenke, anatokea kwenye upepo, analizuia kwa kifua. Nilivalishwa ovaroli jekundu, turubai la lori likawa joho mgongoni, na kifuani nikashonewa rifleka ya nyuma ya tela. Lori lenyewe lilikuwa limezimwa na limewekewa magogo manne, lakini Bonaventura alikuwa akinifokea, "Kunja uso, Nasri! Tani thelathini hizo!"

Nakunja.

Wakuu, hamjawahi kuona watu wanaisubiri filamu namna ile.

Madereva ndio waliisambaza habari. Ukifika Nzega wanaijua, ukifika Singida Mjini wanaijua. Malori yakaanza kupita yameandikwa nyuma, "BREKI YAJA". Basi la Mwanza likisimama, abiria wanashuka kunishika mkono. Dereva mmoja mtu mzima, mwenye mvi, aliniomba niguse boneti yake kabla hajaanza safari. Nikagusa. Ningefanyaje?

Kijiweni kwenye kahawa watu walikosana. Swali lilikuwa: je, Bwana Breki akikuta gari lililofeli breki lina mkaa wa magendo, analizuia au analiacha liende? Kuna marafiki wawili mpaka leo hawasalimiani kwa ajili ya mkaa ambao haupo.

Na mimi nilikuwa na furaha yangu binafsi. Nilikuwa nimemchumbia Zabibu, binti wa Mzee Luqmani, mwenye malori na duka kubwa pale stendi. Mzee mwenyewe ni mchanganyiko wa Kondoa na Pwani, mkali, ana kibaraghashia ambacho sijawahi kukiona kimeinama upande. Posa ilishapokelewa. Harusi ilikuwa baada ya mavuno ya mtama.

Halafu Bonaventura akaharibu.

Siku ya gulio alipanda juu ya kreti za soda, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Filamu inakwisha kupigwa! Na mwishoni, Bwana Breki anakufa!"

Mizani ya muuza nyanya ikabaki hewani.

"Anakufa?" mtu akauliza.

"Anazuia basi la mwisho, moyo unapasuka, anazikwa hapahapa Shelui. Hayo ndiyo maono yangu. Shujaa asiyekufa ni mgambo tu!"

Mama mmoja akaanza kulia. Dereva mmoja akavua kofia. Nyuma kabisa mzee akauliza kwa sauti ya upole, "Sasa msiba utawekwa kwa nani?"

Jioni ile nikaitwa dukani kwa Mzee Luqmani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapo, marehemu."

Nikakaa.

"Nasri, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini binti yangu siwezi kumwoza marehemu."

"Baba, ni filamu tu."

"Najua ni filamu. Mtu kujilaza kaburini akiwa mzima, sisi tunaita uchuro. Unajiitia kifo kwa jina!"

Zabibu akasema nyuma ya pazia, "Baba, lakini si anaigiza?"

"Wewe nyamaza. Hiyo kanda itapigwa mara ngapi? Kila ikipigwa mumeo anakufa. Kila akifa utakaa eda? Utapika lini? Utazaa lini?"

Wakuu, nikaanza kuhesabu hizo eda kwa vidole. Vidole havikutosha.

"Mwambie dairekta wako Bwana Breki asife," akamalizia. "Akifa, hakuna harusi."

Nikatoka mbio mpaka gesti aliyofikia Bonaventura. Nilimkuta amelala chali anaangalia dari, anapokea maono.

"Kaka, naomba uniache hai."

"Haiwezekani."

"Basi nivunjike mguu."

"Nasri."

"Miguu yote miwili!"

"Maono hayabembelezwi."

"Nipooze upande mmoja basi. Chagua wewe upande."

Akaniangalia kwa huruma, kama daktari. "Mdogo wangu, mimi nimeliona kaburi. Siwezi kuliona halafu nikajifanya sijaliona."

Nilitamani nimpige na gogo. Lakini nikijitoa, filamu imekufa, na madereva wa barabara ile nzima watajua nani ameiua. Ningeishi wapi? Upande mmoja namkosa Zabibu, upande mwingine nakosa pa kupita.

Zabibu akanitumia ujumbe kwa mdomo wa shoga yake: "Nenda kazikwe, Mungu atajua." Nililia kweli, sioni aibu kusema. Kumpenda mtu halafu unamkosa kwa sababu ya kifo ambacho hata hufi, inauma vibaya.

Siku ya mazishi ikafika.

Watu walijaa kuliko msiba wowote niliowahi kuuona. Malori yalipaki mpaka nje ya mji. Akina mama wamefunga kanga viunoni, wanalia kabla hata kamera haijawashwa.

Ugomvi ukaanza hapohapo.

"Anazikwa kwa sanda au kwa sanduku?"

"Bwana Breki hana dini," akasema Bonaventura. "Ni shujaa."

"Hapa Shelui hakuna maiti isiyo na dini!"

Wakavutana mpaka jua likawa kali. Mwisho wakakubaliana nifunikwe turubai la lori, maana turubai halina dhehebu.

Nikalazwa ubaoni kando ya shimo, nikafunikwa. Ndani mle joto la kukaangia karanga. Kwenye kitundu cha turubai nikamwona Mzee Luqmani amesimama mbele kabisa, mikono nyuma, ananiangalia. Nikajua harusi yangu ndiyo inazikwa.

"Kamera!" Bonaventura akaita. "Kanda ni hii moja iliyobaki, kwa hiyo tunazika mara moja! Mleteni!"

Ndipo akatokea Redempta.

Redempta ni Msukuma, anauza wali pale yanapolala malori. Mimi ni Mnyiramba. Na kama unavyojua, Mnyiramba na Msukuma ni watani, na mtani kwenye msiba ndiye mwenye msiba. Hakasirikiwi, hasukumwi, hazibwi mdomo.

Akaja anapiga vigelegele, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

"Pamejaa!" akapaza sauti. "Mkamzike kwingine!"

Watu wakaguna. Bonaventura akachungulia shimoni.

"Mama, toka, tunarekodi."

"Nirekodi. Nyie Wanyiramba mna haraka gani na maiti? Ubwabwa unapoa? Sitoki bila kuku."

Akaletewa kuku.

"Na soda."

Ikaletwa soda. Akainywa humohumo, taratibu, amelalia mkono.

"Na hiyo kofia."

"Kofia yangu?" Bonaventura akashika kichwa. "Jamani, mtoeni huyu mama!"

Hakuna aliyesogea. Wazee wa Kinyiramba walimwangalia kama mtu aliyetukana.

"Kijana," mmoja akamwambia, "huyo ni mtani. Mpe kofia."

Akatoa.

Redempta akaivaa, akapanda juu. Nikajua sasa yameisha, nazikwa. Kumbe bado.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniita, analia machozi ya uongo, "Nasri wangu! Mlimwonaje alivyokuwa akipita dukani kwa Mzee Luqmani?"

Akaanza kutembea. Kifua mbele, tumbo ndani, shingo imekakamaa kama jogoo aliyevaa tai, jicho moja linatafuta pazia la dukani. Akajikwaa kwenye ndoo isiyokuwepo, akajifanya hajajikwaa, akaisalimia ndoo shikamoo.

Wakuu, ilikuwa kweli. Ile ndoo niliisalimia.

Nilijiuma ulimi. Nikawaza njaa, nikawaza kodi. Haikusaidia. Kicheko kilinitoka puuu, turubai likaruka, nikakaa kitako ubaoni nacheka mpaka makamasi.

Walichofanya waombolezaji mnakijua. Watu hao hao wanaonijua, waliokunywa chai na mimi asubuhi, wote walitimua mbio. Mwingine aliparamia tela. Bonaventura alisombwa na umati kama gunia, anapiga kelele, "Kata! Kata!" Kamera ikabaki peke yake kwenye miguu yake mitatu, inaendelea kurekodi.

Watu waliporudi, Bonaventura akaomba arudishe kanda nyuma turudie.

"Turudie nini?" madereva wakamjibu. "Marehemu amefufuka. Sisi hatuziki mtu mara mbili."

"Na kaburi likishachimbwa haliachwi wazi," wazee wakaongeza. "Lazima kitu kizikwe."

Tukazika kofia.

Filamu ilioneshwa siku ya Jumapili, ghalani kwa Mzee Luqmani, madirisha yamezibwa magunia. Watu walikaa mpaka juu ya mitungi. Ilipofika pale turubai linaruka na Bwana Breki anaamka anacheka, na umati unakimbia kwa hofu ya utukufu wake, ghala zima lilisimama. Nje malori yalipiga honi mpaka watoto wachanga wakaamka.

Bonaventura akapanda juu ya kreti, kichwa wazi.

"Hayo ndiyo yalikuwa maono yangu tangu mwanzo," akasema.

Nikaoa.

Siku ya harusi Redempta alikuja akakalia kiti changu, akagoma kutoka. Nikamwinamia sikioni.

"Mtani, siku ile kaburini nani alikutuma?"

"Hukujua? Mkweo. Alikuja mwenyewe jikoni kwangu na jogoo kwapani. Alisema yeye si mtani wa mtu hapa, akiingia kaburini watamwona kichaa."

Machozi yakanilenga. Kumbe yule mzee alinipenda! Nikamfuata.

"Baba, asante kwa kuniokoa."

"Kukuokoa wewe?" Akanishangaa. "Wewe nilijua hufi, umelala ubaoni unapumua. Nilikuwa namuokoa Bwana Breki."

"Na harusi? Ulisema hunipi Zabibu."

"Zabibu angekuja kwako hata ningemfungia stoo, namjua mwanangu. Lakini nisingekutisha, nani angeenda kumsumbua yule dairekta? Nina malori matatu yanashuka Sekenke, Nasri. Asubuhi, kabla hajawasha gari, dereva anahitaji kuamini kitu."

Akarekebisha kibaraghashia, akaenda kula pilau.

Nilichojifunza ni hiki. Mwenye maono usibishane naye, utachoka bure. Mtafutie mtani wako. Huku kwetu hata kifo hakipiti mpaka mtani aseme kipite.

Na lile kaburi la kofia bado lipo, kando ya barabara. Madereva wakipita hupiga honi.