Kioo Kati ya Dume na Jike

Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka hoteli moja ya Uvira kunywa soda. Penye mlango kulikuwa na sanduku la kioo lenye samaki wawili wa ziwa letu, dume na jike, na mhudumu alikuwa akiwaambia wageni kwamba hao ni bibi na bwana. Nikaomba tuhame meza. Mjukuu alifikiri nimekerwa na harufu ya maji.

Nikuambie wewe, maana yeye sijamwambia. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa darasa la nne, baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mnunuzi wa pamba pale mji wa Baraka. Tulikaa karibu na ghala, na msimu wa mavuno nyuzi nyeupe zilitua hata kwenye ugali wetu wa muhogo. Mzungu huyo alikuwa na sanduku la namna ile barazani, na alilipenda kuliko watu. Kila asubuhi kabla ya shule mimi na baba tulichota maji ziwani, yeye ndoo mbili, mimi moja, tubadilishe ya jana.

Dume alikuwa na mistari ya manjano na roho mbaya. Alimfukuza jike kutwa nzima, akimnyofoa mapezi. Mzungu alifungua vitabu vyake na kutikisa kichwa. Baba, aliyekulia kwenye nyavu za kijiji cha Lweba, hakuhitaji kitabu. "Mu ziwa bibi anakimbia, anajificha mu mawe," aliniambia. "Mule ndani atakimbilia wapi?" Akapanga mawe, akaweka chungu kilichovunjika, haikusaidia. Mwishowe aliomba kipande cha kioo cha dirisha, akakisimamisha katikati, huyu huku na yule kule, waonane tu mpaka jike apone. Ikafaa. Mapezi yalianza kuota tena, na mzungu akamsifu baba mbele ya wageni.

Sasa mimi na kichwa changu. Katekista wetu alikuwa akitufundisha ndoa wiki hizo: bibi na bwana hawatenganishwi, anayewatenganisha anatenda dhambi. Nikaona baba yangu anatenda dhambi kila siku kwa kioo cha dirisha. Nilimwogopea moto, kweli kabisa. Jumamosi moja, baba akikaanga samaki, mikebuka, jikoni, nilipanda kiti, nikazamisha mkono, nikakitoa kioo na kukiegemeza ukutani. Kisha nikaenda kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mama, nikifurahi kwamba nimemwokoa.

Hatujamaliza kuanika, tukasikia mzungu anapiga kelele. Jike alikuwa anaelea pembeni, jicho moja halipo. Baba alitazama kioo, akatazama mkono wa gauni langu uliolowa. Mzungu akauliza ni nani.

"Ni miye, bwana," baba akasema. "Nilitoa kioo juu ya kusafisha, nikasahau kurudisha."

Aliomba mtumbwi, alete jike mwingine kabla jua halijazama. Mzungu alimpiga kofi mbele ya mama, akamfukuza kazi siku hiyo hiyo. Kwa samaki ambaye ziwani tuliwatupa wenzake kwa kuwa wadogo mno!

Tulikwenda Kilembwe, milimani, kwa kaka zake mama, maana nyavu za Lweba baba alikwisha kuwagawia wadogo zake. Kule sikupata darasa la tano, nikapata jembe. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni baba, mwanamume wa ziwa, kulishwa ukweni. Kila kitu kikiharibika mama alimwambia mbele ya wajomba: "Kioo tu ulisahau. Sasa utakumbuka nini?" Wajomba walicheka. Baba aliendelea kula bila kunitazama, asije akanifichua.

Katekista yule nilimwuliza nilipokuwa mtu mzima kama fundisho lake ni la samaki pia. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Ile maneno iko ya bantu, mama, haiko ya samaki."

Pamba imekwisha, ghala limebaki sakafu na nyasi, na waliotujua Baraka wamekufa wote. Baba alizikwa kule milimani, mbali na maji. Mama aliishi miaka mingi baada yake, na mwishoni ni mimi niliyemlisha uji kwa kijiko. Siku moja aliusogeza mkono wangu.

"Baba yako alikuwa muntu muzuri," akasema, "lakini kichwa ya kukumbuka hakukuwa nayo. Si ni vile?"

Tulikuwa wawili tu chumbani.

"Ndiyo, mama," nikamjibu.